Petrus: hekta 11.5 za udongo unaobania maji

Anayefika Pomerol kwa mara ya kwanza akitarajia majumba ya kifahari huishia kujiuliza kama amepotea. Ni kijiji kidogo karibu na mji wa Libourne, kusini-magharibi mwa Ufaransa: mnara wa kanisa, nyumba za kawaida, barabara nyembamba, na mizabibu iliyotandaa kwenye ardhi inayokaribia kuwa tambarare. Eneo lote linaloruhusiwa kubeba jina la Pomerol kwenye chupa ni kama hekta 800 tu. Ndani yake kuna shamba la hekta 11.5 hivi lisilo na kasri, lenye nyumba ambayo mwalimu mstaafu angeweza kuimiliki bila mtu kumshuku. Hilo ndilo Petrus. Mtakatifu Petro yuko kwenye lebo yake na ufunguo mkononi, na chupa moja ya mvinyo wake wa mwaka mzuri inauzwa kwa maelfu ya euro.

Kinachofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba hakuna kitu adimu kwenye orodha ya viungo. Zabibu ni Merlot, aina nyekundu inayolimwa kuliko zote Bordeaux, eneo kubwa la mvinyo ambamo Pomerol imo. Mchuzi wake huchachushwa kwenye matangi ya zege, kisha mvinyo hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, kama unavyofanywa kwa majirani wengi. Daraja rasmi halipo: orodha maarufu ya mwaka 1855 iliyopanga mvinyo wa Bordeaux kwa madaraja haikuigusa Pomerol kabisa, na mpaka leo Pomerol haina madaraja ya kiserikali. Basi utofauti unatoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni udongo. Kila anayeuza chupa hizi atakutajia udongo wa mfinyanzi wa buluu, na wengine husimulia kana kwamba mizizi inafyonza ladha kutoka humo na kuipandisha hadi kwenye glasi. Simulizi ni tamu, ila mzabibu haufanyi kazi hivyo. Kwa maoni yangu kisa cha Petrus ni kisa cha maji: nani anayashika, anayaachia kwa kasi gani, na katika mwezi upi. Mambo mawili ya kwanza yanaamuliwa na udongo, la tatu na anga. Na miaka ambayo udongo na anga vilikosana, ilibidi watu waamue la kufanya, tena haraka.

Mvua isiyo na msimu

Bordeaux iko latitudo ya digrii 45 kaskazini, kando ya Bahari ya Atlantiki. Mvua ya mwaka ni takribani milimita 900, na haina masika wala vuli kama tunavyozijua. Hunyesha miezi yote, mwezi huu sana, ule kidogo. Mizabibu hulala majira ya baridi, huchipua mwishoni mwa Machi au Aprili, hutoa maua Juni, punje hubadilika rangi kuelekea Agosti, na mavuno huwa Septemba, wakati mwingine hadi Oktoba.

Kwa mkulima wa zabibu wa Dodoma ratiba hiyo ni ya ulimwengu mwingine. Kule Hombolo au Makutupora hakuna baridi ya kuilaza mizabibu, hivyo msimu unaanzishwa na mkulima mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea, na ndiyo maana anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvua yake ni chache na imebanwa kwenye miezi michache. Hofu yake kubwa ni kukosa maji. Mkulima wa Pomerol ana mavuno mamoja tu, na kwa karne nyingi hofu yake imekuwa kinyume: maji kuzidi, hasa wiki mbili za mwisho. Mvua kubwa ikinyesha Septemba, punje zinavimba, maganda yanapasuka, ukungu unaingia, na sukari na rangi vilivyojengwa tangu Julai vinazimuliwa. Kazi ya mwaka mzima inaweza kuharibika kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Kwa hiyo katika hali ya hewa ya namna hii, ardhi bora si ile yenye rutuba. Ardhi bora ni ile inayomkinga mzabibu na wingi wa mvua bila kumwacha afe kiu mwezi wa Agosti. Ardhi nyingi zinaweza moja kati ya hayo mawili. Zinazoweza yote mawili ni chache mno.

Mfinyanzi wa buluu unavyofanya kazi

Sehemu kubwa ya uwanda wa Pomerol imefunikwa na changarawe zilizoletwa na mito zama za kale. Kuelekea magharibi, upande wa Libourne, udongo wa kichanga unatawala. Lakini sehemu ya juu kabisa ya uwanda, kwenye mwinuko wa kama mita 40 kutoka usawa wa bahari, kuna mahali ambapo changarawe zimekwisha na mfinyanzi wa kale zaidi uliokuwa chini yake umechungulia nje. Wenyeji wanapaita tundu la kifungo. Ni hekta 20 hivi, na Petrus imekalia zaidi ya nusu yake. (Mita 40! Mtu wa Uluguru akionyeshwa mwinuko huo atauliza uko wapi.)

Mfinyanzi wenyewe umejaa madini ya kundi la smektiti. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana faida juu ya wapenzi wengi wa mvinyo wa Ulaya, kwa sababu kundi hilohilo ndilo linalotawala udongo mweusi wa mbuga. Aliyewahi kunasa na gari mbugani siku ya mvua hahitaji somo la kemia. Kiangazi udongo ule unapasuka nyufa za kupitisha mkono. Mvua ikishuka unavimba, nyufa zinajifunga, na maji yanayofuata yanabaki juu yakitafuta pa kwenda, kwa kuwa chini hapapitiki. Chembe za smektiti zimepangwa kama kurasa nyembamba, na maji huingia kati ya kurasa hizo na kuzisukuma zitengane. Ndiyo siri ya kuvimba na kusinyaa.

Sasa uweke udongo wa tabia hiyo chini ya mizabibu ya Petrus, ukiwa umefunikwa na tabaka la juu lisilo nene, kwenye mgongo wa ardhi wenye mteremko hafifu kila upande. Mvua kubwa inapokuja, mfinyanzi unavimba na kujifunga, na maji mengi yanateleza kwenda kwa majirani walio chini badala ya kuzama hadi kwenye mizizi. Mvua ileile inayozama kwa uhuru kwenye kichanga cha magharibi, hapa inapita tu. Kinga ya kwanza hiyo.

Kinga ya pili ni ya ukame, na ndiyo yenye ujanja. Mfinyanzi huu una maji mengi ndani yake, lakini umeyakumbatia kwa nguvu kiasi kwamba mzizi hauwezi kuyachota unavyotaka. Unayapata kidogo kidogo. Ni kama mzazi anayempa mtoto nauli ya kwenda na kurudi tu: hakosi kufika, lakini hana ya kutapanya. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Mzabibu wa hapa huanza kuhisi upungufu wa maji mapema kiangazi, hata ardhi ikiwa bado na unyevu, lakini upungufu huo haukui ukawa kiu ya kuua. Kwenye changarawe huenda kinyume: mwanzoni hali shwari, kisha akiba ikiisha, inaisha kweli.

Kuna jambo hapa linalopingana na hadithi inayopendwa sana, kwamba mvinyo mkubwa lazima utoke kwenye mizizi iliyozama mita nyingi chini ikitafuta siri za miamba. Mfinyanzi wa Petrus ni mgumu na mzito mno kupenywa. Mizizi haizami sana. Inaishi kwenye tabaka la juu na kugusa ile hazina ya chini kwa tahadhari. Kina si sharti. Kinachotakiwa ni maji yafike kwa kipimo, na njia za kufikia hapo ni nyingi.

Kiu kidogo, punje ndogo

Kwa nini kiu kidogo kiwe kizuri? Mzabibu wenye maji ya kumwaga haushughuliki na zabibu. Unarefusha matawi, unaongeza majani, unajifanyia kivuli, na punje zinajaa maji. Maji yakianza kupungua mwezi Julai, mizizi hutuma ishara ya kikemikali juu, vitundu vya majani hujifunga kiasi, na ncha za matawi husimama kukua. Sukari inayotengenezwa na majani haina tena pa kwenda isipokuwa kwenye matunda. Punje zinabaki ndogo.

Udogo huo ndio unaotafutwa. Rangi ya mvinyo mwekundu na tanini yake, yaani kile kinacholeta ukakasi, haviko kwenye mchuzi wa zabibu. Viko kwenye ganda na mbegu. Ukibonyeza punje ya Merlot kati ya vidole, mchuzi unaotoka hauna rangi ya maana, hata kama ganda ni jeusi tii. Punje ndogo ina ganda jingi kwa mchuzi kidogo, kwa hiyo zabibu zinapolowekwa pamoja na maganda yake, kinachotoka ni kizito kwa rangi na kwa ule ukakasi unaoshika ulimi. Kiu kikizidi, hata hivyo, mambo yanageuka: majani ya chini yananyauka, mti unajilinda na kuacha kuivisha, na tanini inabaki chungu. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba, na mfinyanzi wa buluu unaishikilia nafasi hiyo miaka mingi kuliko udongo mwingine wa karibu.

Hili si dai la wauzaji pekee. Watafiti wa Bordeaux, akiwamo Cornelis van Leeuwen, walilifuatilia Saint-Émilion, mpakani kabisa na Pomerol, kwa mavuno matano kuanzia 1996 hadi 2000. Walichukua aina tatu za zabibu na udongo wa namna tatu: changarawe, mfinyanzi mzito, na kichanga chenye maji karibu na mizizi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba hali ya hewa ya mwaka ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote, kisha udongo, kisha aina ya zabibu; na kwamba njia kuu ambayo anga na udongo vilipitia ilikuwa maji yanayoufikia mzabibu.

Utaona kwamba mpangilio huo hauwafurahishi wauza mvinyo. Anga imetangulia udongo. Lakini anga haiwezi kuzungushiwa uzio wala kuwekwa kwenye lebo, na jirani ananyeshewa mvua ileile. Udongo una mipaka na mwenye hati. Ndiyo maana kwenye matangazo utasikia habari za mfinyanzi kila mwaka, na habari za mvua pale tu mwaka ulipokuwa mzuri.

Ndoa ya Merlot na udongo wa baridi

Mfinyanzi wenye maji ni wa baridi. Huchelewa kupata joto majira ya kuchipua, na kila kitu juu yake huchelewa. Upande wa pili wa mito, kule Médoc, changarawe hushika joto la jua na kusaidia Cabernet Sauvignon, aina inayochelewa kuiva, ifike mwisho kabla ya baridi. Ipande aina hiyo kwenye mfinyanzi wa Pomerol, hasa katika hali ya hewa ya karne iliyopita, na miaka mingi ungevuna zabibu zenye ukali wa majani mabichi.

Merlot huiva mapema. Baridi ya udongo inaipunguzia kasi kidogo, joto la Agosti linapita ikiwa bado haijamaliza, na inaivia katika siku za Septemba zenye usiku wa baridi unaotunza asidi na harufu. Kwa hiyo udongo unaochelewesha umekutana na zabibu yenye haraka. Kwa miaka mingi takwimu za shamba zilitaja asilimia 95 ya Merlot na asilimia 5 ya Cabernet Franc. Sasa imebaki Merlot peke yake. Nitalirudia jambo hili, maana lina deni ndani yake.

Kuhusu chuma, maneno machache yanatosha. Chini ya sehemu kadhaa za Pomerol kuna mgando wenye chuma nyingi, na wapo wanaoapa kwamba wanauonja. Mimea huchukua madini kwa kiasi kidogo sana kwa ajili ya uhai wake. Haihamishi ladha ya mwamba. Mtu akisema mvinyo wa Pomerol unamkumbusha kutu au damu, hilo ni fumbo la mnywaji, na hakuna ubaya, ila lisigeuzwe kuwa jiolojia.

Miaka ya mtihani

Mtihani mkubwa kuliko yote ulikuja Februari 1956. Januari ilikuwa ya uvuguvugu isivyo kawaida, na utomvu ulianza kupanda mapema. Kisha ikashuka baridi ambayo katika sehemu za Pomerol na Saint-Émilion ilifika karibu nyuzi joto 20 chini ya sifuri. Mashina yalipasuka. Mizabibu ilikufa kwa maelfu ya hekta, na wakulima wengi waling'oa yote na kupanda upya.

Petrus wakati huo ilikuwa mikononi mwa Edmonde Loubat, mama wa Libourne aliyekuwa na hoteli pale mjini na ambaye alianza kununua hisa za shamba hili miaka ya 1920. Alikataa kung'oa. Aliagiza mashina yaliyokufa yakatwe chini kabisa, akitarajia kwamba mizizi, iliyolindwa na ardhi, bado ilikuwa hai na ingetoa machipukizi mapya. Ilikuwa kamari. Mizabibu ilichipua. Kwa hiyo baada ya 1956, wakati mashamba mengi yalikuwa na miche ya mwaka wa kwanza, Petrus ilikuwa na machipukizi mapya juu ya mizizi ya zamani iliyokwisha kujipenyeza kwenye udongo usiopenyeka kirahisi.

Ningependa kusisitiza uzito wa uamuzi huo, kwa sababu hadithi za udongo huuruka. Katika mfinyanzi kama huu, mche mchanga una hali ngumu: mizizi yake haijapata njia, ikinyesha anazama, likiwaka anakauka. Mizizi ya miaka mingi imeshajua kila ufa. Faida ya udongo ule inaonekana kamili kwa mzabibu mzee, na mizabibu mizee ilikuwepo kwa sababu mtu mmoja hakukubali kushika jembe.

Mwaka 1991 jalidi ilirudi, safari hii Aprili, ikaunguza machipukizi machanga. Hakuna Petrus ya mwaka 1991; zabibu zilizosalia hazikuonekana kustahili jina hilo. Udongo uko palepale, haujabadilika hata chembe, na mvinyo haukuwepo. Anayeamini kwamba udongo ni kila kitu aanzie hapo.

Mvua nayo ilileta vituko. Mwaka 1987, ikikaribia siku ya kuvuna, Christian Moueix, aliyekuwa akisimamia shamba, alikodi helikopta iruke chini juu ya mizabibu ili upepo wa panga zake ukaushe vichala. Mwaka 1992, uliokuwa wa mvua tele, alitandaza plastiki nyeusi ardhini kati ya mistari ili maji ya mvua yateleze nje badala ya kuzama. Watu walicheka, na wengine walikasirika, wakiona ni kuivuruga asili. Mimi naona plastiki ile ndiyo maelezo bora ya shamba hili yaliyowahi kutolewa. Mtu yule alikuwa anafanya kwa mikono kazi ambayo mfinyanzi hufanya wenyewe mwaka wa kawaida: kufunga mlango mvua inapozidi. Mwaka ule mvua ilizidi uwezo wa mlango, akaongeza kitasa.

Desturi nyingine zinafuata mantiki hiyohiyo, ingawa kimyakimya. Tangu miaka ya 1970 sehemu ya vichala hukatwa na kuachwa chini kiangazi ili vilivyobaki vipate chakula cha kutosha. Na kwa muda mrefu uvunaji ulifanywa na kundi kubwa la watu walioingia shambani mchana tu, umande ukishakauka. Shamba dogo linaruhusu hilo: ukiwa na hekta 11.5 na watu wengi, unamaliza kwa siku chache, kwa hiyo unaweza kusubiri siku unayoitaka. Mwenye hekta 100 lazima aanze mapema na amalize kwa kuchelewa, na anga inampata katikati.

Mtihani wa upande wa pili, joto, ulikuja 2003. Kiangazi kile kilivunja rekodi Ulaya. Mizabibu kwenye kichanga na changarawe nyepesi ilinyauka Agosti. Kwenye mfinyanzi, akiba iliyobaniwa tangu majira ya baridi iliendelea kutoka. Kwa mara ya kwanza kwa kizazi kizima, udongo ambao sifa yake ilikuwa kuzuia mvua ulisifiwa kwa kutunza maji. Kiangazi cha 2022, cha joto na ukame, kiliuliza swali lilelile.

Kilichobadilika mwaka 1969

Kuna tukio moja ambalo kila anayechambua Petrus anapaswa kulikabili. Mwaka 1969 shamba lilinunua hekta zipatazo 5 kutoka kwa jirani yake, Château Gazin. Kabla ya hapo Petrus ilikuwa na hekta 7 hivi. Zabibu za kipande kile zilikuwa zikiingia kwenye mvinyo wa Gazin, wenye sifa nzuri na bei ya kawaida ya mvinyo mzuri. Baada ya kusainiwa kwa hati, udongo uleule, mizabibu ileile, ukawa chanzo cha Petrus.

Mtu anaweza kujibu kwamba walinunua kwa kuwa kipande kile kilikuwa mfinyanzi uleule, na ni kweli. Lakini jibu hilo linathibitisha jambo lingine: mfinyanzi ulikuwepo na haukutosha kuleta bei. Majirani wa Petrus, Vieux Château Certan, La Conseillante na L'Évangile, wako pembeni pale, na hakuna mtaalamu anayewadharau. Tofauti kati ya mvinyo wao na Petrus iko kwenye glasi, naikubali. Tofauti ya bei ni kubwa mara nyingi zaidi ya hiyo. Sehemu hiyo ya ziada ni kazi ya Loubat, aliyekataa kuuza rahisi wakati Pomerol haijulikani, na ya Jean-Pierre Moueix, mfanyabiashara wa Libourne aliyeupeleka mvinyo huu kwenye meza za matajiri kuanzia miaka ya 1940. Na ni kazi ya uchache: chupa elfu thelathini hivi kwa mwaka kwa dunia nzima. Umaarufu ukishafika kiwango fulani unajizalisha wenyewe. Novemba 2019 chupa 12 za Petrus ya mwaka 2000 zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga na kurudishwa Januari 2021, ili ionekane mvinyo unazeeka vipi huko. Hakuna aliyeuliza kwa nini hawakupeleka divai ya mezani.

Hivyo nikigawa hesabu, udongo unaeleza kwa nini mvinyo huu ni mzuri karibu kila mwaka. Anga inaeleza kwa nini baadhi ya miaka ni mizuri kupita kiasi. Bei inahitaji maelezo mengine.

Upande wa pili wa njia

Mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Petrus kuna Lafleur, shamba la hekta 4.5 la familia ya Guinaudeau, ambalo mvinyo wake nao unatajwa pamoja na bora zaidi za Pomerol. Pale changarawe zipo kwa wingi, na nusu ya mizabibu ni Cabernet Franc. Mvua ni moja, jua ni moja. Agosti 2025 familia hiyo ilitangaza kwamba kuanzia mavuno ya mwaka huo mvinyo wao hautabeba tena jina la Pomerol wala la Bordeaux. Utauzwa kama mvinyo wa Ufaransa tu, lile kundi ambalo kwenye karatasi ndilo la chini kabisa. Sababu waliyotoa ni mabadiliko ya tabianchi: ukame na joto la miaka ya karibuni vinawalazimu kubadili namna ya kulima, ikiwamo kumwagilia, na kanuni za jina la Pomerol zinawafunga mikono.

Petrus haijatoka. Nadhani mfinyanzi ni sehemu ya sababu. Mwenye changarawe aliona akiba yake ikiisha mapema mwaka baada ya mwaka. Mwenye mfinyanzi bado ana kitu chini. Udongo ambao miaka ya 1960 ulikuwa bima dhidi ya mvua, sasa ni bima dhidi ya ukame, na hakuna aliyelipia bima hiyo ya pili.

Ila bima ina mipaka, na hapa ndipo lilipo lile deni. Kwanza, smektiti ikikauka kupita kiasi inapasuka, na nyufa hukata mizizi. Mizizi isiyozama sana haina pa kukimbilia. Pili, udongo unaweza kutoa maji lakini hauwezi kupoza hewa. Mavuno ya Bordeaux siku hizi hutangulia yale ya miaka ya 1980 kwa wiki mbili hivi, na Merlot ya mwaka wa joto hupita asilimia 14 ya kileo bila shida, asidi ikishuka. Haraka ya Merlot, iliyokuwa sifa wakati hofu ilikuwa zabibu kutoiva, inageuka kuwa kasoro pale zabibu zinapokimbilia sukari kabla tanini haijalainika. Aina inayochelewa, mfano Cabernet Franc, ndiyo wengi wa majirani wanayoiongeza sasa. Petrus imeiondoa.

Huenda mfinyanzi wa baridi utaendelea kuishika Merlot mkono kwa muda mrefu kuliko majirani wanavyodhani. Mavuno ya karibuni hayajaonyesha kuyumba. Lakini mzabibu unaopandwa leo unahitaji miaka mingi kabla zabibu zake hazijaaminiwa kwenye chupa yenye jina hilo, tena kwenye udongo unaowatesa miche. Anayetaka mchanganyiko tofauti ifikapo 2040 anapaswa awe tayari anachimba mashimo.